Nani kakutengenezea? Kupiga saitransi laivu, kuipeleka redioni, na haki ya mwanamke aliye nyuma ya mitambo

Mpiga gitaa huonekana akipiga gitaa, na mpiga ngoma hutoka jasho mbele ya watu. Anayepiga saitransi, ule muziki ambao kwenye mabango huandikwa psytrance, husimama saa tisa usiku nyuma ya meza, kainamia laptopu, na aliye uwanjani hajui kama anapiga kitu au anasoma meseji. Pasipoonekana kitu, watu hujaza wenyewe kwa dhana. Dhana hiyo humpendelea mwanamume: huyu ni fundi. Ikimfikia mwanamke hugeuka swali: nani kakutengenezea? Au lile neno letu la mitaani: anabebwa.

Kwa hiyo namna unavyopanga meza yako ya laivu, maneno yanayosemwa redioni kabla ya kibao kuanza, na heshima anayopewa mwanamke katika muziki huu ni kazi moja. Kazi ya mikono ikisikika, na jina la aliyeifanya likatajwa, dhana hukosa pa kukaa.

Kwanza tujue ulegevu wa neno laivu ulitoka wapi. Muziki huu ulikulia kwenye fukwe za Goa, India. Katika miaka ya 1990 ma-DJ wa huko, akiwemo Goa Gil, walipiga kwa kaseti za DAT, kaseti ndogo za kidijitali, maana sahani za santuri hujikunja kwa joto. Mashine za DAT kwa kawaida hazikuwa na kitufe cha kubadilisha kasi, hivyo haikuwezekana kulinganisha midundo ya vibao viwili. Watayarishaji wakazoea kuanza na kumaliza kibao kwa sauti za anga zisizo na mdundo, ili kimoja kiyeyukie ndani ya kingine. Baadaye mtayarishaji aliyesafiri na rekodi zake mwenyewe aliandikwa kwenye bango kuwa anapiga laivu, hata kama kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe. Sisi tuna jina la jambo hilo: plebeki. Wapo waliokwenda njia nyingine. Juno Reactor walipanda jukwaani na wapiga ngoma wa Amampondo wa Afrika Kusini, na Hilight Tribe wa Ufaransa hupiga transi kwa didgeridoo, djembe, gitaa na ngoma halisi. Goa Gil mwenyewe alikuwa na kundi la The Nommos pamoja na mkewe, Ariane MacAvoy, mpiga ngoma. Jina la mume linajulikana dunia nzima. La mke hulisikii mpaka ulitafute.

Amua mikono itafanya nini

Kosa la kwanza la anayeanza ni kutaka kupiga kila kitu kwa mkono. Saitransi haikubali, na sababu ni hesabu. Kwa kasi ya midundo 145 kwa dakika, mdundo mmoja huchukua milisekunde 414, na robo yake ni milisekunde 103. Dundo la ngoma kubwa hukaa kwenye robo ya kwanza, kisha bezi hupiga robo tatu zinazofuata. Dundo na bezi vinapishana katika nafasi finyu kiasi kwamba kimoja kikisogea milisekunde 5 tu, mawimbi yao huanza kukatana na nguvu ya kifuani hupotea. Watu hawatajua kilichoharibika. Wataacha tu kucheza.

Hivyo dundo na bezi vitoe studio vikiwa fungu moja, yaani faili moja ya sauti, na usiviguse jukwaani. Kilichobaki kigawe katika mafungu matano: vigongo na matoazi, sauti kuu ya sinthesaiza, mstari wa asidi (ule mlio wa sinthesaiza unaokwaruza na kunyongoroka), sauti za anga, na sauti za watu. Hayo ni mafungu sita kwa kila kibao. Onyesho la dakika 60 linahitaji vibao vinane hivi, kwa kuwa kibao kimoja huwa na dakika 7 hadi 9 na hupishana na jirani yake. Yahifadhi kama WAV ya biti 24, kHz 44.1. Fungu la dakika 8 litakuwa na MB 127 hivi, na onyesho zima kama GB 6, kwa hiyo yaweke kwenye diski ya ndani ya laptopu, si kwenye flashi. Usitumie MP3 kwa mafungu: usimbaji wake huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, na hapo mafungu huenda yasianze pale yanapotakiwa.

Ukitumia Ableton Live, andaa vibao vyote kwa kasi moja tangu studio, kisha zima kile kinachoitwa Warp kwenye fungu la dundo na bezi. Programu ikinyoosha dundo ili lifuate kasi mpya, mwanzo wake mkali hulainika, na kasoro ambayo chumbani ni ndogo hujitokeza wazi kwenye spika za uwanjani.

Sasa mikono. Mambo matatu yanatosha, na mimi naona zaidi ya hayo ni vurugu. La kwanza ni filta, yaani kichujio cha sauti, ya mstari wa asidi, kitufe kimoja cha kufungua na kimoja cha ukali. Wekea kitufe cha ukali mpaka wa juu ndani ya programu, kwa sababu kikifika mwisho kinatoa mlio wa kuchoma masikio kwenye spika kubwa. La pili ni mwangwi wa kurusha kwenye sauti za watu, ukiupima robo tatu za mdundo, yaani milisekunde 310 kwa kasi ya 145. Kiasi cha kujirudia kisipite asilimia 60, la sivyo mwangwi utachelewa kufa na kufunika kila kitu. La tatu ni ala moja halisi: sinthesaiza ndogo, djembe yenye maiki, au sauti yako. Hili la tatu ndilo linalomaliza ubishi, kwa kuwa msikilizaji analitambua hata akiwa amefumba macho.

Bafa ya kadi ya sauti (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hujaza kabla ya kuitoa) iwe sampuli 256, yaani uchelewaji wa milisekunde 6 hivi kila upande. Sauti ikianza kukwaruza panda hadi 512. Ukizungusha filta hutahisi tofauti, lakini ukipiga pedi kwa vidole utahisi unachelewa.

Laptopu iweke pembeni, isisimame kati yako na watu. Inamisha kontrola, kile kisanduku cha vitufe unachoendeshea programu, kidogo kuelekea uwanjani, na weka taa ndogo ya mezani inayomulika vidole. Kama jukwaa lina skrini, omba kamera moja itazame meza kutoka juu. Hili ni kwa kila mpigaji, lakini kwa mwanamke lina uzito wa pekee, kwa sababu yeye ndiye anayedaiwa ushahidi. Si haki adaiwe peke yake. Waandaaji wakifanya kamera ya meza kuwa kawaida ya wote, hakuna atakayeonekana kujitetea.

Ratiba na fundi mitambo

Wiki moja kabla, tuma karatasi ya ukurasa mmoja: meza ya sentimita 150 kwa 60, kimo cha sentimita 95 hivi, soketi nne za umeme, njia mbili za sauti, kushoto na kulia, kwa kebo zenye ulinganifu (balanced), spika mbili za kujisikilizia, au moja ikishindikana. Juu kabisa andika jina la msanii na uongeze mstari huu: maswali ya kiufundi aulizwe yeye.

Mstari huo una sababu. Mara nyingi mpigaji wa kike hufika na mtu wa kumsaidia kubeba mizigo, na fundi humgeukia yule mwanamume kuuliza kadi ya sauti ina njia ngapi. Fundi anaweza kuwa hana nia mbaya, ni mazoea tu, ila matokeo yake ni mabaya: majibu yanatoka kwa asiyejua, nyaya zinachomekwa vibaya, na lawama inamwangukia msanii. Ndugu fundi, muulize mwenye jina kwenye karatasi. Nawe uliyemsindikiza, jibu lako ni moja: muulize mwenyewe.

Kwenye kupima sauti, anza na dundo na bezi peke yake, kisha toka nyuma ya meza utembee hadi katikati ya uwanja. Taa nyekundu kwenye mikisa zisiwake, bakiza desibeli 6 za nafasi. Ukisikia mvumo wa chini usiokatika, huo ni mzunguko wa ardhi wa umeme wa Hz 50, na unaonekana sana jenereta na laptopu zinapokutana. Tumia kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya laptopu na mikisa, chenye transfoma na ubonyeze kitufe chake cha kutenga ardhi. Usikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Hilo limeua watu jukwaani.

Zima masasisho ya kompyuta, Wi-Fi na hali ya kuokoa betri. Pia weka flashi yenye onyesho zima kwenye pleya ya jirani, ikiwa tayari kuanza, kwa kuwa laptopu ikizima huchukua dakika mbili au tatu kuamka na ukimya wa dakika mbili saa kumi alfajiri ni mrefu mno. Kwa DJ anayechanganya vibao viwili kanuni ni kutoacha bezi mbili zilie pamoja. Punguza ya kwanza hadi mwisho ndipo ufungue ya pili, na ubadilishane mwanzoni mwa sehemu ya mizunguko 32 ya midundo minne minne, ambayo kwa kasi ya 145 huchukua sekunde 53.

Redioni

Muziki huu unaishi sana kwenye redio za mtandaoni. DI.FM inarusha tangu 1999 na ina chaneli ya Goa na saitransi. Tamasha la Ozora la Hungaria, lililoanzia kwenye kupatwa kwa jua Agosti 1999, lina redio yake iitwayo radiOzora. Kupeleka onyesho lako huko, au kwenye kipindi cha usiku cha FM ya mjini kwako, kuna mitego ambayo jukwaani haipo.

Mtego wa kwanza ni simu. Noti ya F ambayo bezi nyingi za saitransi hukaa ina Hz 44 hivi, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini namna hiyo. Msikilizaji anabaki na ncha ya dundo tu, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Tia bezi ukwaruzo mdogo, ule uitwao saturation, ili itoe sauti za juu yake kuanzia Hz 90 na kuendelea, kisha sikiliza kwa simu na kwa redio ndogo ya mkulima kabla ya kutuma. Sikiliza pia kwa njia moja, si stirio. Sinthesaiza iliyotanuliwa kupita kiasi hutoweka kabisa kushoto na kulia vinapounganishwa.

Mtego wa pili ni ukimya. Vituo vingi vya FM vina kifaa kinachopima kama sauti imekatika. Kikihesabu sekunde 20 au 30 za sauti hafifu, kinawasha muziki wa akiba. Kibao chako kikiingia kwenye anga tulivu katikati, ghafla wasikilizaji wanasikia taarabu. Mwambie fundi mitambo wa kituo mapema, au pandisha kiasi cha sehemu hiyo kwa desibeli 4 hadi 6 kwenye nakala ya redio.

Mtego wa tatu ni kelele juu ya kelele. Mitambo ya FM hukandamiza sauti yenyewe, kwa hiyo faili uliyokwisha kuikaba hadi mwisho itapumua vibaya, dundo likivuta kila kitu chini. Tuma nakala isiyokabwa sana, kilele chake kisizidi desibeli moja chini ya sifuri. Na usihangaikie sauti zilizo juu ya kHz 15, FM haizirushi.

Kwa urushaji wa mtandaoni fikiria bando la msikilizaji. Saa moja kwa kbps 320 ni MB 144, kwa 128 ni MB 58, na kwa AAC ya 64 ni MB 29. Toa njia mbili, nzito na nyepesi. Programu ya BUTT inayotuma kwenye seva ya Icecast inatosha kuanzia, ila ukiwa Tanzania kumbuka kwamba redio ya mtandaoni inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Halafu kuna kazi ya mtangazaji, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Ule mwanzo wa kibao usio na mdundo, urithi wa kaseti za Goa, ndio nafasi yako ya kusema. Una sekunde 45 hivi kabla ya dundo kuingia, yaani maneno kama 80. Taja jina la msanii, nchi, jina la kibao na lebo. Kama kuna mwimbaji au mpiga ala, mtaje pia. Sauti za wanawake zimejaa kwenye saitransi, na mara nyingi mtangazaji humtaja aliyetayarisha tu. Mwimbaji Michele Adamson ameimba na kundi la Shpongle, lakini ukisikia kibao redioni ni jina la kundi pekee linalosomwa. Jina likiachwa leo, kesho promota hamjui, na kazi haipati.

Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Yeye ni yeye, anapiga ni anapiga. Msanii, mtayarishaji, DJ, hayo yote hayana uke wala uume. Basi kila unaposema DJ wa kike umeongeza jambo kwa hiari yako, jiulize limefanya kazi gani. Mwenyewe akitaka litajwe, litaje. Kumwita dada ni heshima na hakuna ubaya. Ubaya ni pale kaka anapotambulishwa kuwa mtaalamu wa bezi na dada anatambulishwa kuwa mrembo wetu.

Kwenye mahojiano acha kuuliza mumeo anasemaje, au unajisikiaje katika fani ya wanaume. Maswali hayo hula dakika 5 kati ya 10 ulizonazo, na msikilizaji anaondoka bila kujua mgeni anafanya nini. Muulize kwa nini alichagua 148 na si 142, bezi yake ameijenga vipi, sauti gani jukwaani anaipiga kwa mkono. Majibu hayo ndiyo yanayofuta swali la nani kakutengenezea.

Hesabu saa, si vichwa tu

Mtandao wa female:pressure, ulioanzishwa mwaka 1998 na Electric Indigo wa Vienna, huhesabu wasanii kwenye matamasha ya muziki wa elektroniki kwa jumla. Hesabu zao zilionyesha wanawake kuwa chini ya asilimia 10 mwaka 2012 na zaidi kidogo ya robo miaka ya 2020 na 2021. Ni maendeleo, ila kwenye saitransi kuhesabu majina hakutoshi. Saa za thamani ni usiku wa manane hadi asubuhi jua likichomoza, uwanja mkuu. Unaweza kukuta wanawake sita kwenye bango, wanne wakiwa hema la kupumzikia na wawili wakifungua saa sita mchana uwanja ukiwa mtupu. Andika safu tatu: jina, saa ya kupanda, malipo. Jumlisha dakika za uwanja mkuu kati ya saa nne usiku na saa nne asubuhi. Ukweli utauona hapo. Redioni fanya vivyo hivyo: vipindi vinne vina vibao 32 hivi, vingapi vimetengenezwa na wanawake?

Jibu unalolisikia ni kwamba tunachagua ubora, hatuangalii jinsia. Vizuri, basi chagueni kwa masikio. Mtu mmoja akusanye rekodi, afute majina, azipe namba 01 hadi 20. Watatu wengine wasikilize dakika tatu za mwanzo, tatu za kati kwenye utulivu, na tatu za mwisho, waandike alama, ndipo majina yafunguliwe. Anayejua mlio wa rafiki yake aseme na asitoe alama hiyo.

Usiku maalumu wa wanawake siupingi kama darasa. DJ Rachael wa Kampala alianzisha Femme Electronic kufundisha na kuwapa nafasi ma-DJ wa kike wa Afrika Mashariki, na kazi ya namna hiyo inahitajika. Ninachopinga ni promota kufanya usiku mmoja kwa mwaka halafu akarudi kwenye orodha ya wanaume watupu, bango likiwa na picha ya mungu wa kike aliye uchi. Vivyo hivyo kwa watayarishaji: sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, za mwanamke akigumia zimetumika mno, na kwenye uwanja wenye giza zinaambia watu jambo baya kuhusu wanawake walio karibu yao.

Usafiri uandikwe kwenye mkataba: jina la dereva, namba ya gari, saa ya kuondoka, na mtu wa jukwaa atakayembebea vifaa hadi garini. Mpigaji anayemaliza saa kumi usiku na laptopu mgongoni hapaswi kuanza kutafuta bodaboda. Njia ya kwenda vyooni iwe na taa, na kati ya walinzi wawepo wanawake wasiopungua wawili wanaojulikana kwa mavazi.

Na rekodi. Chukua sauti kutoka njia ya kurekodia ya mikisa, kilele kiwe desibeli 12 chini ya sifuri, na uweke maiki mbili za kunasa shangwe. Sauti husafiri mita moja kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo maiki iliyo mita 10 kutoka spika huchelewa milisekunde 29. Isogeze mbele kiasi hicho kabla ya kuchanganya, na shangwe ziwe sehemu ndogo tu. Kesho yake tuma redioni pamoja na karatasi inayosema kila kibao ni cha nani, nani aliimba, na dakika ipi mkono wa mpigaji ulifanya nini: dakika ya 14, filta, dakika ya 31, djembe, dakika ya 47, sauti yake mwenyewe.